Mkaguzi wa hesabu na wadau wake: nani aambiwe nini, lini, na kwa njia gani

Mkaguzi wa nje hulipwa na kampuni, hupewa vitabu na maelezo na menejimenti ya kampuni hiyohiyo, kisha maoni yake hutegemewa na watu wengine kabisa: wanahisa, benki, wauzaji wanaoikopesha kampuni bidhaa, wafanyakazi, mdhibiti (mamlaka ya umma inayosimamia sekta). Wengi wao hatawahi kuonana nao. Ugomvi mwingi kati ya wakaguzi na wadau hauanzi kwenye hesabu zenyewe. Unaanza pale mkaguzi anapompa mdau mmoja kilichokuwa haki ya mwingine: kasoro ya bodi inaishia kwa mhasibu mkuu, barua ya benki inapita mikononi mwa mteja, siri ya mteja inamfikia mkopeshaji kwa simu.

Viwango vimeweka mipaka hiyo mapema, na ukiifuata kwa mpangilio, mahusiano mengi hujiendesha yenyewe. Mwongozo huu ni wa wanaofuata ISA, yaani viwango vya kimataifa vya ukaguzi vinavyotolewa na bodi ya IAASB, pamoja na kanuni za maadili za bodi ya IESBA. Sheria ya nchi ikidai zaidi ya hapo, sheria ndiyo inayotangulia.

Kabla hujasema ndiyo

Uhusiano huharibika au hutengenezeka kabla ya kazi kuanza. Anza na mkaguzi aliyekutangulia. Mwombe mteja mtarajiwa ruhusa ya kuzungumza naye, kisha mwandikie ukiuliza kama kuna jambo la kitaaluma unalopaswa kulijua kabla ya kukubali. Mteja akikataa kutoa ruhusa, usilichukulie kama suala la urasimu. Muulize sababu, na kama jibu halina mashiko, fikiria sana kabla ya kuendelea. Mkaguzi wa zamani naye anabanwa na wajibu wa kutunza siri, hivyo jibu fupi halina maana kwamba hakuna kitu. Ruhusa iandikwe ili aweze kusema.

Kisha pima uhuru wako. Kanuni za IESBA zinataja vitisho vitano: maslahi binafsi, kujikagua mwenyewe, kumtetea mteja, mazoea, na kutishwa. Usivipitie kwa kutia alama ya vema tu. Chukua karatasi, andika jina la kila mtu kwenye timu, na kando ya kila jina andika hisa, mikopo, ndugu na kazi alizowahi kumfanyia mteja huyo. Mambo manne yapate jibu la wazi:

– Ada. Kwa taasisi yenye maslahi ya umma, kama vile kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa, ada zote kutoka kwa mteja huyo zikizidi asilimia 15 ya mapato ya kampuni yako ya ukaguzi kwa miaka 2 mfululizo, lazima kazi ipitiwe na mkaguzi wa nje ya kampuni yako kabla hujatoa maoni. Hali ikiendelea hadi mwaka wa 5, unapaswa kuachia kazi, isipokuwa kwa mazingira ya pekee yaliyotajwa kwenye kanuni. Kwa wateja wengine kipimo ni asilimia 30 kwa miaka 5 mfululizo.
– Ada ya mwaka jana isiyolipwa. Deni kubwa lililokaa linafanana na mkopo uliompa mteja, na mtu anayedai hutamani mdaiwa wake aonekane mzima. Lidai lote, au angalau sehemu kubwa, kabla ya kutoa ripoti ya mwaka huu.
– Malipo yanayotegemea matokeo ya ukaguzi. Haya hayana mjadala, yamekatazwa.
– Muda wa mshirika wa kampuni ya ukaguzi anayesaini ripoti. Kwa taasisi yenye maslahi ya umma, mwisho ni miaka 7, kisha akae nje miaka 5. Mazoea hayana harufu. Mtu wa mwaka wa nane anaamini kabisa kwamba yuko huru.

Ukishapita hapo, andika barua ya makubaliano ya kazi kama ISA 210 inavyotaka. Kiini chake ni menejimenti kukiri mambo matatu kwa maandishi: kwamba hesabu ni zao na ni jukumu lao kuziandaa, kwamba mfumo wa udhibiti wa ndani ni wao, na kwamba watakupa taarifa zote na kukuachia kuzungumza na mtu yeyote ndani ya kampuni. Wakikataa kukiri, hakuna kazi ya ukaguzi hapo, labda sheria iwe inakulazimisha. Wengi hunakili barua ya mwaka jana na kubadilisha tarehe. Miezi sita baadaye mteja anauliza kwa nini hukuandaa mizania, na barua uliyonayo haijasema mizania ni kazi ya nani.

Bodi na kamati ya ukaguzi

Jambo la kwanza ni kujua ni nani hasa. ISA 260 inakutaka uwatambue watu wenye dhamana ya kuisimamia kampuni, na hawa si lazima wawe walewale wanaoiendesha kila siku. Kwenye kampuni kubwa ni bodi na kamati yake ya ukaguzi. Kwenye chama au taasisi isiyo ya faida inaweza kuwa kamati ya wadhamini. Kwenye biashara ya familia mmiliki ni mkurugenzi na ndiye msimamizi, basi huna haja ya kumwambia jambo lilelile mara mbili. Ila angalia: ikiwa mke, kaka au mwekezaji aliye pembeni naye yumo kwenye bodi bila kushiriki uendeshaji, ana haki ya kusikia kutoka kwako moja kwa moja.

Panga mikutano miwili ya lazima, na acha nafasi ya wa tatu.

Mkutano wa kwanza ufanyike kabla ya kazi ya uwandani. Waeleze wajibu wako, upana na ratiba ya kazi kwa muhtasari, na hatari kubwa ulizoziona. Usitaje taratibu zako kwa undani unaoweza kuzifanya zitabirike: ukisema ni maghala gani utayahesabu na siku gani, umeshaharibu zoezi. Halafu nyamaza uwasikilize wao. Kiwango kinadai mawasiliano ya pande mbili, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kusoma slaidi 30 na kuondoka. Uliza maswali yanayohitaji jibu: Mna wasiwasi na eneo gani? Kuna malalamiko au tuhuma za udanganyifu mlizopata? Nani anaweza kuruka taratibu bila mtu kumzuia? Andika majibu kwenye karatasi za kazi, pamoja na tarehe na majina ya waliokuwepo.

Mkutano wa mwisho ni kabla ya kusaini. Hapo unaeleza maoni yako kuhusu sera za uhasibu na makadirio, matatizo makubwa uliyokutana nayo, makosa ambayo hayajarekebishwa, na kama ripoti yako itabadilika kutoka ile ya kawaida. Ikiwa unategemea kutoa hati yenye shaka (maoni kwamba hesabu ni sawa isipokuwa kwenye jambo fulani zito) au mbaya zaidi, ISA 705 inakutaka uwaeleze bodi sababu na maneno utakayotumia. Bodi inayosoma hati yenye shaka kwa mara ya kwanza siku ya mkutano mkuu haitakusamehe, na ina haki.

Omba pia dakika 20 na kamati bila menejimenti. Omba kila mwaka, hata kama huna la kusema. Ukiomba tu pale penye tatizo, mkuu wa fedha atajua kuna tatizo kabla hujafungua mdomo.

Kasoro za udhibiti wa ndani zina kanuni yake, ISA 265: zilizo kubwa lazima ziwafikie bodi kwa maandishi, kwa wakati. Ni sawa kuzijadili kwanza na menejimenti ili kuhakiki ukweli, isipokuwa pale kasoro inapogusa uadilifu au uwezo wa menejimenti yenyewe. Tofauti kati ya barua inayofanyiwa kazi na inayofungiwa kabatini iko kwenye sentensi. Linganisha hizi mbili:

«Udhibiti wa malipo ni dhaifu na unahitaji kuboreshwa.»

«Kati ya malipo 40 tuliyoyapima, 6 yaliidhinishwa na mtu yuleyule aliyeyaandaa. Mfumo unaruhusu hilo kwa sababu nywila ya msimamizi hutumiwa na watu watatu. Mtu mmoja anaweza kumlipa muuzaji asiyekuwepo bila kugundulika. Tunapendekeza kila mtu awe na nywila yake, na mfumo uzuie muandaaji kuidhinisha.»

Ya pili ina kilichoonekana, chanzo, madhara na dawa. Mwenyekiti anaweza kuiuliza menejimenti swali kutokana nayo. Ile ya kwanza haimpi pa kushika. Usisahau kueleza kwenye barua hiyo kwamba ukaguzi ulilenga kutoa maoni juu ya hesabu, siyo juu ya mfumo mzima wa udhibiti, la sivyo atakayesoma atadhani kasoro ulizotaja ndizo zote zilizopo.

Menejimenti: orodha ya makosa

Hapa ndipo uhusiano unapopata joto, kwa sababu mnakaa chumba kimoja kwa wiki kadhaa. Adabu na ukali lazima viende pamoja. Toa orodha ya nyaraka unazohitaji mapema, kila moja na tarehe na jina la anayehusika kuitoa. Ombi la «vielelezo vyote vya mauzo» huzaa ugomvi. «Ankara na hati za kupokelea mzigo kwa mauzo 25 yaliyoorodheshwa» hupata jibu kesho yake.

Kiwango cha uzito wa makosa, yaani kiasi ambacho kosa likikifikia linaweza kubadilisha uamuzi wa anayesoma hesabu, ndicho kitakachoamua mvutano wa mwisho. Chukua mfano wa kiwanda chenye faida kabla ya kodi ya milioni 400. Maelezo ya ISA 320 yanataja asilimia 5 ya faida kabla ya kodi kama mfano kwa kampuni ya kuzalisha bidhaa, na asilimia 1 ya mapato au matumizi yote kwa taasisi isiyo ya faida. Ni mifano, uamuzi unabaki wako. Kwa asilimia 5 unapata milioni 20. Kiwango cha kufanyia kazi unakiweka chini yake, ili makosa madogo yakijumlishwa yasivuke mstari, na wengi huchagua kati ya asilimia 50 na 75. Tuseme 75, yaani milioni 15. Makosa madogo kabisa, yasiyostahili hata kuandikwa, unayawekea mpaka, tuseme milioni 1.

Mwisho wa kazi orodha yako ina haya:

– mauzo ya mwezi wa kwanza wa mwaka mpya yaliyoingizwa mwaka huu, yameongeza faida kwa milioni 9;
– tengo (kiasi kilichotengwa) la madeni yasiyolipika ni dogo kuliko inavyostahili kwa milioni 7;
– gharama za ukarabati zilizofanyika lakini hazikuandikwa, milioni 6.

Mkuu wa fedha atakuja na hoja ambayo kila mkaguzi ameisikia: hakuna hata moja inayofika milioni 20, kwa hiyo ziachwe. Hesabu kwa pamoja. Zote zinaipandisha faida, na jumla ni milioni 22. ISA 450 inakutaka uyapime makosa moja moja na kwa ujumla wake, na inakutaka uombe menejimenti irekebishe yote uliyoyakusanya, siyo yale tu yanayovuka mstari. Wakirekebisha la kwanza, yanabaki milioni 13, na kwa namba tupu uko chini ya mstari. Bado hujamaliza. Jiulize kama hizo milioni 13 ndizo zinazoibadilisha hasara kuwa faida, au kuivusha kampuni kwenye sharti la mkopo wa benki, au kumfikisha mkurugenzi kwenye bonasi. Kosa dogo linaloangukia mahali hapo ni zito.

Kisha peleka yaliyobaki kwa bodi, uwaombe wayarekebishe, na waeleze athari yake kwenye maoni yako. Yaambatanishe pia kwenye barua ya tamko la menejimenti, ambamo wanasema kwa sahihi zao kwamba wanayaona si mazito. Barua hiyo, chini ya ISA 580, iwe na tarehe iliyo karibu kabisa na ya ripoti yako, isiwe ya baadaye. Kosa la kawaida ni kuipokea wiki mbili baada ya kusaini. Na barua hii haichukui nafasi ya ushahidi: mkurugenzi kuandika kwamba mali ipo hakukuondolei safari ya ghalani. Wakikataa kuitoa, au ukawa na shaka kubwa na uadilifu wao kiasi cha kutoamini walichoandika, kiwango hakikuachii njia zaidi ya kukataa kutoa maoni.

Kuhusu chakula, safari na zawadi: kitu kidogo kisicho na uzito kinaweza kupita, lakini kilichotolewa kwa nia ya kukushawishi kimekatazwa hata kiwe kidogo namna gani. Mwandikie mkuu wa timu kila unachopewa, na ambacho huwezi kukiandika usikipokee.

Benki, wadaiwa na mawakili: barua isipite mikononi mwa mteja

Mwezi Desemba 2003 Bank of America ilieleza kwamba hati iliyoonyesha karibu euro bilioni 4 za kampuni tanzu ya Parmalat, kampuni ya maziwa ya Italia, ilikuwa ya kughushi. Mwaka 2020 kampuni ya Wirecard ya Ujerumani ilianguka baada ya euro bilioni 1.9, zilizodaiwa kuwa kwenye benki za Ufilipino, kutoonekana popote. Kashfa zote mbili zinahusu jambo la kawaida sana kwenye kazi yetu, yaani karatasi inayosema benki ina fedha za mteja. Ndiyo sababu ISA 505 inasisitiza neno moja: udhibiti wa barua uwe wa mkaguzi.

Fanya hivi:

1. Chukua orodha ya akaunti zote, pamoja na zilizofungwa ndani ya mwaka na zenye bakaa sifuri. Akaunti yenye sifuri inaweza kuficha mkopo au dhamana.
2. Tafuta mwenyewe anwani ya benki, kutoka chanzo kisicho cha mteja. Barua pepe yenye jina la benki mbele na kikoa cha bure nyuma si ya benki.
3. Mteja aisaini barua, kwa sababu benki haitafungua siri bila idhini yake. Baada ya sahihi, karatasi irudi kwako.
4. Itume wewe, kutoka ofisini kwako au kwa mfumo wa kielektroniki unaouamini, na anwani ya kurudishia jibu iwe yako.
5. Tunza bahasha au kichwa cha barua pepe pamoja na jibu. Jibu lililokuja kupitia kwa mhasibu wa mteja, hata likiwa na mhuri mzuri, lirudie: wasiliana na benki kwa namba uliyoipata mwenyewe.
6. Linganisha kila kipengele, siyo bakaa tu: riba, dhamana, wenye mamlaka ya kusaini, vizuizi.

Jibu la simu halihesabiki kuwa uthibitisho, omba liandikwe. Kwa wadaiwa, tumia barua inayomtaka mtu ajibu kwa hali yoyote, kakubali au kakataa. Ile inayosema «usipojibu tutahesabu umekubali» ina nguvu ndogo, na kiwango kinairuhusu kwa masharti magumu: hatari iwe ndogo, madeni yawe mengi na madogo yanayofanana, tofauti zitegemewe kuwa chache sana, na usiwe na sababu ya kudhani watu watazitupa. Mdaiwa asipojibu, tuma tena, kisha geukia malipo aliyoyafanya baada ya mwaka kufungwa na hati zenye sahihi yake ya kupokea mzigo. Tofauti ikijitokeza usikimbilie kusema ni suala la muda wa malipo kufika. Ifuatilie hadi stakabadhi.

Menejimenti ikikukatalia kumwandikia mdaiwa fulani, uliza kwa nini, na itafute hoja yao kwenye nyaraka. Kuna sababu za kweli, kama kesi iliyo mahakamani. Lakini kama sababu haina mantiki na huna njia nyingine ya kupata ushahidi, suala linakwenda kwa bodi na kisha kwenye maoni yako. Kwa mawakili utaratibu unafanana: menejimenti huandaa barua ya kuuliza kuhusu kesi, mkaguzi huituma, na wakili humjibu mkaguzi moja kwa moja.

Mkaguzi wa ndani na mtaalamu uliyemkodi

Wote wawili wanaweza kukusaidia, ila maoni yanabaki yako peke yako. Kabla ya kuitumia kazi ya mkaguzi wa ndani, ISA 610 inakutaka upime anaripoti kwa nani, ana ujuzi gani, na kama anafanya kazi kwa utaratibu unaoeleweka. Anayeripoti kwa mkuu wa fedha anayemkagua ana mikono iliyofungwa. Kwa mthamini wa ardhi au mtaalamu wa mahesabu ya bima, usichukue namba ya mwisho tu. Mwombe data na dhana alizotumia, uzijaribu. Na usimtaje kwenye ripoti safi kana kwamba unagawana naye wajibu.

Wanahisa na umma: ripoti ndiyo mazungumzo

Kwa watu wengi, kurasa chache za ripoti ndiyo sauti pekee ya mkaguzi watakayoisikia. ISA 700 inaanza na maoni, kisha msingi wa maoni, kwa sababu msomaji anatafuta hilo kwanza.

Neno «hati safi» limewapotosha wengi. Msomaji hudhani lina maana kwamba hakuna aliyeiba na kampuni iko imara. Kinachosemwa ni kwamba hesabu, kwa mambo yote mazito, zimeandaliwa sawasawa na mfumo wa uhasibu uliochaguliwa, na mkaguzi amepata uhakika wa kuridhisha, ambao ni wa juu lakini si kamili. Kampuni inayozama inaweza kupata hati safi, mradi hesabu zake zinaonyesha kuwa inazama. Ukipewa nafasi ya kuongea mkutanoni, eleza jambo hili kwa lugha hiyohiyo nyepesi kabla hujaulizwa.

Kosa likiwa zito lakini halijaenea kote, toa hati yenye shaka. Likienea, toa hati isiyoridhisha. Ukikosa ushahidi kwenye eneo zito lisiloenea, ni hati yenye shaka vilevile. Ukikosa na athari yake ikaweza kuenea kote, kataa kutoa maoni. Andika sababu na namba pale inapowezekana. «Kutokana na mambo yaliyoelezwa» bila kiasi humuacha mwanahisa gizani.

Kwa kampuni zilizoorodheshwa, tangu hesabu za miaka iliyoishia 15 Desemba 2016 na baadaye, ISA 701 inataka ripoti ieleze mambo makuu ya ukaguzi. Kila jambo liwe na sehemu tatu: kwa nini lilikuwa kubwa, ulifanya nini, na tanbihi ya hesabu inayolihusu. Maneno yanayofaa kampuni yoyote duniani hayana faida. Ukiweza kuyahamishia kwa mteja mwingine bila kubadilisha kitu, yaandike upya. «Tathmini ya mali ghalani ni eneo lenye makadirio» haimwambii mtu kitu. «Theluthi moja ya bidhaa ghalani haijauzwa kwa zaidi ya miezi 12, na menejimenti imepunguza thamani yake kwa kukisia bei za msimu ujao, tulilinganisha makisio hayo na bei halisi za wiki sita baada ya kufunga mwaka» inamfungua macho. Lakini jambo kuu si kimbilio la kukwepa hati yenye shaka. Kama hesabu zimekosewa, sema zimekosewa mahali pake.

Aya ya msisitizo kwenye ripoti nayo ina mpaka wake: inaelekeza kwenye jambo ambalo tayari limeelezwa sawasawa kwenye hesabu. Kama halijaelezwa, kinachohitajika ni kubadilisha maoni. Soma pia taarifa nzima ya mwaka, barua ya mwenyekiti ikiwemo, kama ISA 720 inavyodai. Mwenyekiti anapoandika kuwa «madeni yamepungua» na mizania inaonyesha yameongezeka, hiyo ni kazi yako kuiulizia.

Benki inayompa mteja mkopo itakupigia simu siku moja kuuliza kama ile faida ni ya kweli. Usijibu kwa simu, hata kama unamfahamu anayeuliza. Siri ni ya mteja, na ripoti iliandikwa kwa wanahisa. Mwaka 1990, katika kesi ya Caparo, House of Lords, iliyokuwa wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, iliamua kwamba wajibu wa mkaguzi kwa ripoti ya kisheria ni kwa wanahisa kwa pamoja, siyo kwa kila mwekezaji anayenunua hisa kwa kuitegemea. Sheria za nchi nyingine zinatofautiana, lakini ukimwandikia mkopeshaji barua ya kumtoa hofu umejifungulia wajibu mpya kwa mkono wako. Mwelekeze kwa mteja. Akitaka kazi maalumu, iwe na makubaliano yake na ripoti yake.

Mdhibiti na vyombo vya dola

Kutunza siri ni kanuni, na inaendelea hata baada ya mteja kuondoka. Ina milango michache. Tangu 15 Julai 2017 kanuni za IESBA zina utaratibu wa kufuata pale mkaguzi anapokutana na uvunjaji wa sheria, au anapoushuku: elewa kilichotokea, kijadili na ngazi inayofaa ya menejimenti na bodi, washauri wakomeshe, warekebishe au watoe taarifa wenyewe, kisha pima hatua walizochukua. Baada ya hapo unaamua kama maslahi ya umma yanadai umweleze mdhibiti. Kanuni hizo hazihesabu taarifa ya namna hiyo, ikitolewa kwa nia njema, kuwa uvunjaji wa siri, mradi sheria ya nchi haiikatazi.

Hatua ya kwanza, kabla ya kumwambia yeyote ndani ya kampuni, ni kumuuliza mwanasheria kama kuna katazo la kumshtua mhusika. Sheria za utakatishaji wa fedha za nchi nyingi zina katazo hilo, na mazungumzo ya kirafiki na mkuu wa fedha yanaweza kuwa kosa la jinai. Mdhibiti akija kwa barua ya kisheria, mpe kilichoombwa, andika ulichotoa na tarehe.

Kufunga jalada

Mali bila daftari hupotea bila habari, na mahusiano haya hali kadhalika. Baada ya tarehe ya ripoti una siku 60, kwa kawaida, za kukamilisha jalada la mwisho. Ni muda wa kupanga na kufuta rasimu, si wa kutafuta ushahidi mpya. Jalada lihifadhiwe angalau miaka 5 kutoka tarehe ya ripoti, au zaidi kama sheria inadai. Hakikisha lina kumbukumbu ya kila kilichosemwa kwa mdomo: ulimwambia nani, siku gani, akajibu nini. Mazungumzo ya korido na mwenyekiti ndiyo husahaulika kuandikwa. Miaka mitatu baadaye, atakapokuwa amebadilika mwenyekiti na mkaguzi pia, swali litakuwa kama bodi iliambiwa, na jibu litatoka kwenye karatasi ile au halitatoka kabisa.